Mashine Iliyofundishwa Kulea

Magige alikuwa fundi wa redio na simu pale Bunda, na katika kazi zote alizowahi kufanya hakuna aliyoipenda kama mashine ya kutotolesha vifaranga aliyomtengenezea shangazi yake, Esta. Jumamosi aliifunga nyuma ya pikipiki, akaifikisha salama Butiama na kuiweka sebuleni.

Ubongo wa mashine ulikuwa kibao cha saketi chenye kumbukumbu kiduchu. Lugha nyingi za kompyuta zisingeenea humo, ila Forth iliingia na nafasi ikabaki. Magige aliipata bure mtandaoni. Aliijaribu kwanza kwenye kompyuta kuukuu ya rafiki yake wa Musoma, kisha kwenye simu, mwisho kwenye kibao, na kote ilikubali bila manung'uniko.

"Shangazi, ukiandika kwenye simu yako, mashine inatii. Andika HEAT."

"Hiti ndiyo nini?"

"Joto."

"Basi iite joto. Kwani mayai yangu ni ya Kizungu?"

Magige akacheka. Kwenye Forth mtu huunda maneno yake mwenyewe, kwa hiyo chai ilikuwa haijapoa alipomaliza kuyageuza yote kuwa ya Kiswahili. Esta akavaa miwani, akaandika: joto 37. Mashine ikakataa.

"Anza na namba," Magige akamwambia. "Namba zinakaa rundo, kama sahani. Neno likija linachukua ya juu. Usipoliwekea kitu, litachukua nini?"

Esta akawaza kidogo. "Ahaa! Kama ugali. Maji na unga viwemo kwanza, ndo useme songa."

Akaandika: 37 joto. Taa ya ndani ikawaka, naye akapiga kigelegele kidogo.

Kabla ya kuondoka, Magige alimwonyesha jinsi ya kuunganisha maneno kuwa neno moja jipya. Esta akatengeneza la kwake, lea, ambalo lilipasha joto na kugeuza mayai kwa mkupuo.

Siku kadhaa baadaye alimpigia simu, sauti imepanda.

"Magige, mashine yako ina kiburi! Huwaga inageuza mayai kwa kishindo, nikaandika geuza upya, iende polepole. Nikisema geuza, inatii. Nikisema lea, inarudia kishindo kile kile!"

Magige akaweka chini bisibisi. Hakutegemea shangazi yake afike huko peke yake.

"Si kiburi, shangazi. Lea ilijifunza geuza ya zamani, na hiyo ndiyo inayoijua. Ukibadilisha neno, yaliyotengenezwa kabla yake hayapati habari."

"Kama mke wa mwanangu Evance. Nimemfundisha kupika samaki vizuri, lakini mchuzi anaupika vile vile alivyofundishwa kwao."

"Ndiyo hivyo. Subiri Jumapili, nitakuja ni…"

"Uje kufanya nini? Si naandika lea upya tu?"

Vidole vikasikika vikigonga kioo. Kisha ukasikika mngurumo laini, wa taratibu.

"Imetulia," alisema Esta. "Endelea na kazi zako."

Magige alibaki ameshika simu, amefurahi na kuona wivu kidogo. Alikuwa amejiandaa kuwa mwokozi.

Vifaranga vilipototolewa alifika Butiama na mfuko wa dagaa wa Mwigobero, Musoma. Sebule nzima ilikuwa inalia. Jirani wa shangazi, Sara, mfugaji wa bata, alikuwa amechuchumaa kando ya mashine akimwuliza Esta maswali, na Esta alikuwa anajibu kama mtu aliyezaliwa na mambo hayo.

"Naye anataka ya kwake," Esta alimwambia Magige. "Hiyo programu inauzwa?"

"Ni ya bure. Namnakilia leo leo."

Magige akaokota kifaranga kimoja cheusi, akakiinua akitazame vizuri. Kikamnyea kiganjani. Esta alicheka mpaka akakaa sakafuni.