Jina la Mzee Wilf
Stuart alimpa mwanawe jina la Wilfred, na jina hilo lilikuwa la mtoto wa kaka yake Gavin, aliyekuwa bado tumboni.

Kwa akina Alderson, juu kule kwenye mabonde ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, jina huruka kizazi kimoja. Marehemu baba yao, mzee Wilfred, au Wilf kwa kifupi, alilipata kwa babu yake, na lingekwenda kwa mjukuu wake wa kiume, mtoto wa yule atakayebaki nyumbani na kondoo. Aliyebaki ni Gavin. Hakuna aliyewahi kulitamka hilo. Kwa watu wa kule, jambo linalojulikana halisemwi. Ukilisema unaonekana unaombaomba.

Simu ilimkuta Gavin bandani mwezi wa Aprili, anazalisha kondoo. Aliiegesha kwenye robota la nyasi kavu, akaibonyeza kwa kiwiko.

"Kaka! Dume!" Stuart alipiga kelele kutoka London. "Kazaliwa alfajiri. Tumemwita Wilfred!"

Kondoo aliguna.

"Uko hapo?"

"Nipo. Mkono uko ndani ya kondoo."

Imogen, mke wa Stuart, akadakia. "Shemeji, mwenzio nimelipenda! Jina la Waingereza wa kale, kabla Wanormani hawajavuka bahari kutoka Ufaransa. Maana yake mtu anayetaka amani. Na huku limerudi kwa kasi, kliniki yetu tu wapo wawili."

"Wawili!" Gavin alisema. "Enzi zetu Wilfred angepigwa kila siku shuleni."

"Si ndiyo hapo! Lilikuwa la vizee, sasa kila mtu analitaka."

Stuart akachukua simu, akashusha sauti. "Ila kaka, huna neno? Maana ni jina la mzee. Kama mlilitaka nyie, sema tu. Bado hatujamwandikisha."

Aliulizwa waziwazi. Kilichotakiwa ni jibu la kweli, na mdogo wake angelirudisha jina siku hiyohiyo.

"Neno gani tena?" Gavin alisema. "Jina zuri. Hongereni."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Mzee angefurahi."

Jikoni, mkewe Kirsty alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja tumboni.

"Ukamwambia sawa?"

"Ningesemaje sasa?"

"Ungesema hapana, bwege wewe! Miezi yote hii namwita Wilf humu ndani. Mpigie."

"Nimeshasema sawa."

"Mpigie, Gavin!"

"Siwezi kumnyang'anya mtu jina la mtoto."

"Lako unaweza kunyang'anywa, eh? Tena unashukuru."

"Si na sisi tumwite hivyohivyo?"

"Wilfred wa pili? Mtoto wa aliyebaki na kondoo awe wa pili? Toka hapa."

Gavin akaweka maji ya chai. Hakupiga.

Mtoto alizaliwa Juni, wakamwita Oliver. Shuleni kwake bondeni wapo kina Oliver wengine.

Stuart hakuambiwa kosa lake. Alichojua ni kwamba kaka yake hapokei simu, na akipokea ana haraka. Akaacha kuja kusaidia kukata manyoya, kazi waliyoifanya pamoja tangu wadogo, na Gavin akaajiri mtu baki. Mama yao hula Krismasi na mwana mmoja, mwaka unaofuata na mwingine; wote wawili hajawaona meza moja tena. Kirsty na Imogen, waliokuwa wakipigiana simu kila Jumapili, hutumiana kadi. Na watoto wale, damu moja, wakipishana njiani hawatajuana.