Mutu wa Ndani ya Pon

Jumanne moja ya mwaka 1954, Landrova ya Bwana Agronomu, mzungu wa kilimo, iliporudi Kasongo kutoka Wamaza, Hemedi fundi alitandika gunia chini yake akajipenyeza. Mafuta ya pon ya nyuma, lile bomba nene la chuma linaloshika magurudumu mawili, humwagwa yakiwa bado na moto. Yakipoa, uchafu hubaki ndani. Alianza na kizibo cha juu. Fundi anayeanza na cha chini, halafu cha juu kikamgomea, ah, huyo amebaki na gari kavu na matusi ya mzungu. Kisha akafungua cha chini. Mafuta meusi yakashuka kwenye beseni yakinuka mayai viza.

Akafunga chini, akamimina mapya kwa juu, akaingiza kidole kupima. Mafuta yakigusa kidole mdomoni mwa tundu, yametosha. Yaligusa. Halafu mkono ukakishika kidole.

Hemedi hakukichomoa. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, wenye sugu za jembe, na kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda. Kilivunjika Nyangwe, utotoni, kilipobanwa na mtumbwi.

“Yaya Alimasi,” alimwuliza kaka yake, “ni weye?”

Mkono ukaminya mara moja.

Miezi saba kabla ya hapo, Alimasi alipanda mpunga katika shamba aliloamriwa kupanda pamba. Askari walimpakia nyuma ya Landrova hii hii, na Hemedi ndiye aliyeitia maji asubuhi ile, maana ndiyo kazi yake. Ofisini walisema amehamishwa. Wapi? Hemedi aliuliza mara tisa, akachoka yeye kabla ya karani. Wazazi walikwisha kufa, mke hakuwa naye. Alizoea kusonga ugali wa watu wawili, akala peke yake, na upweke ulimuuma hasa.

Basi akawa anabadilisha mafuta kila wiki. Alilala chini ya gari, kidole kimeshikwa, akimpa kaka yake habari za nyumbani: mpunga waliung’oa, paa linavuja upande wa jikoni, mbuzi kazaa. Mkono ulikuwa ukiminya. Kwenye habari ya mpunga haukuminya.

Mwisho Bwana Agronomu akaona makopo yanakwisha.

“Hemedi, sababu gani mafuta inaisha mbio hivi?”

“Iko mutu ndani ya pon, Bwana. Ni yaya yangu, Alimasi.”

Bwana Agronomu alivua saa, akalala juu ya gunia, akaingiza kidole chake. Alikaa kidogo.

“Ni kweli, iko,” alisema akijipangusa. “Gari inashindwa kupanda mulima?”

“Hapana, Bwana. Naomba siku mbili tu, nifungue pon yote, nimutoe.”

“Siku mbili! Kesho niko na safari ya Kabambare.”

Aliingia ofisini akarudi na karatasi. Iliandikwa kwamba Alimasi hakupotea, yumo katika mali ya serikali, na kwa hiyo ndugu yake asiulize tena. Hemedi alitakiwa kutia kidole. Wino haukuhitajika, kidole kilikuwa tayari cheusi.

Akarudi chini ya gari.

“Yaya, wamekataa. Niachilie, nifunge.”

Mkono ulikawia. Kisha vidole viliachia kimoja kimoja, kile kilichopinda kikiwa cha mwisho. Hemedi alikaza kizibo huku machozi yakimwingia masikioni, kwa vile alikuwa amelala chali.

Kesho yake Landrova ilikwenda Kabambare, ikapita hadi Salamabila, nyuma wakiwa wakulima wawili waliofungwa kamba. Ilirudi bila wao, na makopo ya mafuta yakafungiwa stoo kwa miezi mitatu.

Siku ya kubadilisha ilipofika, Hemedi alitandika gunia lake. Juu kwanza, kisha chini. Akamimina, akaingiza kidole. Alimasi alikishika upesi, halafu akasogea kidogo kuwapa wenzake nafasi. Mkono wa pili ulikuja, na wa tatu, wenye baridi, haujazoea.

Hemedi akawasalimia wote, akauliza habari za kwao. Kidole kimoja kiliwatosha watatu. Alikaa nao mpaka alipoitwa, akafunga kizibo, akafuta ufunguo wa vizibo, akaipeleka gari mlangoni pa ofisi, ambako askari walikuwa wanangoja safari nyingine, kamba mkononi.