Fomu ya Sabino

Zilibaki dakika ishirini ofisi ya usajili ifungwe, na Egidio Laforgia, mkurugenzi wa michezo wa klabu ya soka ya Torrescura, hakuwa ameuza hata mchezaji mmoja. Hoteli nzima ya Milano ilijaa mawakala wanaofokeana kwenye simu. Yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi, jasho linamtiririka, hana wa kumpigia tena.

Kosa halikuwa lake, ila mzigo alibebeshwa yeye. Mwenyekiti, kwa kupenda sifa, alinunua mshambuliaji wa milioni nne mwenye goti bovu. Kanuni ya ligi nayo haina huruma: klabu iliyotumia zaidi kuliko ilivyoingiza izibe pengo kabla ya saa moja jioni, la sivyo inafutwa. Miaka themanini ya Torrescura ifutwe kwa sababu ya goti!

Galvan, mkurugenzi wa klabu moja ya kaskazini, akaja na kikombe cha kahawa akaketi kando yake.

"Bado unalia tu, babu?"

"Niache, Galvan."

"Nipe kipa wako wa tatu kwa milioni tatu. Na mimi nakupa beki wangu kwa milioni tatu hizo hizo. Hela haitoki mfukoni mwa mtu. Ya kuuza unaiandika yote leo kama mapato, ya kununua unaigawa vitabuni kwa miaka mitano. Pengo limeziba."

"Sabino? Yule hafiki hata elfu hamsini."

"Leo anafika."

Miaka yote Egidio aliwaita wezi watu wa mchezo huo wa bei za uongo, tena mbele yao. Aliujua na mwisho wake. Klabu iliyoandika milioni tatu haiwezi kumwachia mchezaji kwa bei yake halisi bila kuandika hasara, hivyo humsugulisha benchi mpaka mkataba uishe, na yeye ameshakwisha. Sabino alikuwa na miaka ishirini na sita. Glavu zake za kwanza alivalishwa na Egidio.

Na fomu yake ya uhamisho ilikuwa humo mkobani, ina saini, haijajazwa. Kila kiangazi wachezaji wa Torrescura waliacha fomu za namna hiyo ili dili la ghafla lisikwame. Wenzake walisitasita, Sabino alisaini huku anacheka. "Kwako, mzee, nasaini hata karatasi ya bucha."

Dakika sita. Egidio akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Aliogopa kijana angekataa. Akajaza fomu, Galvan akaweka saini yake na kutoa fomu ya beki, zote zikatiwa kwenye bahasha, na mzee wa miaka sitini na tisa akatimua mbio kwenye korido. Mlango ulikuwa unafungwa. Akairusha bahasha kwenye upenyo, akaanguka.

"Imeingia," karani akasema kutoka ndani.

Robo saa baadaye alikuwa bado amekaa chini, ameegemea ukuta, simu ilipoita. Sabino.

"Mzee! Redio imetangaza tumepona. Huku kengele za kanisa zinapigwa, mama analia kwa furaha."

"Sabino, mwanangu..."

"Niliwaambia, mzee wetu hashindwi. Haya, ameuzwa nani?"

Egidio akafumba macho, akatafuta jina lingine lolote la kumtajia, akalikosa.