Shamba Lililopigwa Picha Kombo

Wako watu wakimwona afisa hufyata mkia. Mimi, Mwanasha binti Kibwana, sikulelewa hivyo.

Mwaka wa sitini na tano afisa mmoja wa ardhi, Bwana Mwau, aliitisha baraza hapa Msambweni. Akainua picha ya shamba langu watu waione. "Tazameni mteremko huu," akasema. "Mvua mbili tu, udongo wote utakuwa baharini. Mama huyu ahame, atapewa ardhi Mackinnon Road." Mackinnon Road, kule nyikani kukavu! Na minazi arubaini aliyoipanda marehemu baba nimwachie nani? Halafu akanisogezea karatasi ya kukubali kuhama, nitie kidole gumba.

"Nipe kwanza hiyo picha," nikamwambia.

Lo! Shamba limeteremka kama paa la nyumba. Nilijitilia shaka mwenyewe, mimi niliyelilima tangu utotoni. Mstari wa bahari, ambao haulali upande kamwe, ungenisaidia, lakini siku ya kupigwa picha kulikuwa na ukungu, maji na mbingu rangi moja. Kisha nikaiona minazi. Imesimama wima, yote! Hasira zikanipanda. Minazi yangu haijasimama wima hata siku moja. Yote imeinamia bara, ilivyosukumwa na upepo wa baharini.

Aliyepiga picha alikuwa Kilonzo, mtu wa bara, naye alikuwepo. Nikamuuliza, "Baba, kamera yako uliisawazisha kwa kufuata nini?"

"Miti, mama. Kwetu mti husimama wima."

"Na ndoo yangu ya kisima, hapa pembeni? Kwenu ndoo huning'inia upande?"

Watu wakaangua kicheko. Kamba ya ndoo ilikuwa imekwenda mshazari, na upepo gani huo wa kuinua ndoo iliyojaa maji? Nikaigeuza picha polepole mpaka kamba ikanyooka. Minazi ikainama, shamba likalala tambarare.

Bwana Mwau akanipokonya. "Picha hii ni ya serikali. Tia kidole!"

"Nimekosea, bwana," Kilonzo akasema. "Nilipiga kombo."

"Nyamaza! Kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka, bwana. Ndiyo maana siwezi kuiacha picha hivi."

Wallahi, nilimpenda mtu yule kama ndugu yangu. Nikaikunja ile karatasi mara nne, bila alama ya kidole, kama ilivyokuja, nikamtia Bwana Mwau mkononi.

"Mwambie aliyekutuma, Mwanasha amekataa," nikasema. "Akitaka kulijua shamba langu, na aje alikanyage kwa miguu yake."