Tisheti Iliyogeuzwa

Wayua, muuza viatu vya mitumba wa mlango wa pili, aliapa kwamba aliona kwa macho yake mawili. Mama Loise, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alifika mpaka mlangoni pa hoteli ya Bartholomew, akachungulia ndani, akaenda zake bila hata kukaa.

"Na alisema," Wayua akaongeza, akipiga kiatu brashi, "eti mteja akiingia kwenu hajui nani anahudumu na nani amekuja kuomba."

"Hayo ya mwisho ni yako," akamwambia Mbithe, mhudumu wa hoteli hiyo.

"Basi yangu. Lakini hebu jiangalie."

Mbithe akajiangalia. Sweta lake lilikuwa limetoboka kiwiko, na mwenzake wa jikoni, Kaluki, alikuwa amejifunga leso ya kubebea mtoto. Wachafu hawakuwa, lakini mtu wa kupita angejuaje? Akaona haya hata mbele ya vile viatu kuukuu, maana viling'aa kumshinda.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Akina mama wale hukutana Masii kila Jumanne, watu arobaini, na walikuwa wakitafuta mahali pa kunywa chai na kula muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe. Bartholomew alishasema wazi: wakija, wasichana wote wawili wanabaki, wasipokuja, abaki mmoja. Na aliyeajiriwa mwisho ni Mbithe.

Bartholomew akambembeleza Mama Loise arudi walau aonje. Mbithe naye akawaza yunifomu siku mbili nzima, kwa kuwa hakuwa mtu wa pupa. Siku ya tatu akakumbuka. Mwezi wa nne yeye na Kaluki walipika kwenye mazishi upande wa Mwala, na kila mpishi akapewa tisheti nyeupe mpya yenye picha ya marehemu kifuani. Wakizivaa ndani nje, nani ataona? Nyeupe ni nyeupe.

"Aiya! Ya marehemu?" Kaluki akashtuka. "Mimi sitaki, Mbithe."

"Si tunamficha? Hata yeye mwenyewe hatajua."

Kaluki akacheka kwa shingo upande. Mbithe akazifua, akazipiga pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe.

Jumanne Mama Loise akaja na wenzake wawili. Akatazama meza, akatazama wasichana walivyofanana, akatabasamu. "Sasa hapa ni mahali pa watu," akasema. Bartholomew akamkonyezea Mbithe.

Mbithe akainamia sufuria kupakua muthokoi, mvuke ukampanda kifuani. Alipogeuka na sahani, wageni wote watatu walikuwa wakimkodolea. Akafuata macho yao, akajitazama. Kitambaa kilikuwa kimemgandama, na katika ule unyevu uso wa kijana ulikuwa umejitokeza, unacheka, na chini yake herufi za kinyumenyume: Lala salama, Ndunda.

"Ndunda wangu," Mama Loise akasema, polepole.

Kwenye mazishi yale Mbithe alishinda nyuma ya nyumba na moshi machoni; hakuwahi kumwona mama wa marehemu hata mara moja. Lakini kutojua hakukumpunguzia kitu. Sahani zilimjaa mikononi, akawa hana hata mkono wa kujifunika.

"Mbona umemgeuza?" Mama Loise akauliza. "Alikuwa na ubaya gani mtoto wangu, wa kufichwa?"

"Mwaitu, mama yangu, sikujua... Tulitaka tu kuonekana watu."

Mama Loise akachukua mkoba wake, akatoka. Wenzake wakamfuata. Bartholomew akawa anasoma kalenda ukutani. Mbithe akatua sahani, akawakimbilia mpaka kando ya barabara, amekumbatia kifua chake kama aliyeiba.

"Mwaitu, makosa ni yangu. Kaluki alinikataza. Usiinyime hoteli Jumanne zenu kwa sababu yangu. Tafadhali, mama."

Mama Loise alisimama, asigeuke. Akapangusa macho kwa ncha ya leso. Kisha akashikwa mkono na mwenzake, wakavuka.