Uso wa Kwenye Boksi

Hakuwa na shahada, hakuwa na gari, hakuwa na mtoto wa kumrithi, wala meno ya kutafunia muwa. Alichokuwa nacho ni ulimi. Kiwandani walimwita Mzee Ulimi, maana kazi yake ilikuwa kuonja chai: aliifyonza kijikoni kwa mlio, akaizungusha kinywani, akaitema ndooni, kisha akakwambia kama majani yalichumwa kabla ya mvua au baada yake.

Mwenye kiwanda alipotaka uso wa mzee mwenye afya wa kuchapa kwenye boksi la chai ya kijani, mzee hakuuliza mengi. Alinyoa ndevu, akavaa koti, akapigwa picha. Chini ya picha wakaandika: Huondoa sumu zote mwilini.

Binti wa maabara alipoliona boksi aliguna. Alikuwa amepima chai za madukani, zao na za wenzao. Akamweleza mzee kwamba ya kijani na nyeusi zote zina vizuiaoksidi, vitu vinavyokinga kama rangi inavyokinga bati lisiliwe na kutu. Lakini chai ya kijani iliyochakaa rafuni ilishindwa na nyeusi iliyo mpya. Tena hayo ni ya kwenye chupa ya kupimia. Ndani ya mtu ni habari nyingine. Sumu hakuipima, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni sumu gani. Mzee akajibu kwamba maneno si yake, yake ni sura tu.

Sura hiyo ikamfikia dada yake mkubwa, mjane mwenye kisukari.

Mzee alimkuta hospitali, mguu umeshakatwa chini ya goti. Nyumbani kwake vidonge vyake vya kisukari vilikutwa vimejaa ndani ya boksi la chai iliyokwisha.

"Kwa nini, dada?"

"Si inaondoa sumu zote? Na dawa nayo ni sumu, daktari mwenyewe alinionya nisizidishe. Sasa nimeze asubuhi, chai iitoe mchana? Huko si kutwanga maji?"

Mzee akamsihi arudie vidonge. Akamwambia ukweli, kwamba yeye nyumbani hunywa nyeusi, ya maziwa.

"Basi yule anayenichekea kwenye boksi ni nani?" Dada akageukia ukutani. "Ile ni sura ya marehemu baba. Baba hakunidanganya hata siku moja. Itoke kwanza pale, ndipo nikusikilize wewe."

Mzee akaenda kwa mwenye kiwanda. Akakaribishwa kiti, akaambiwa maboksi ya mwaka mzima yameshachapwa.

"Na uso ukitoka, mzee wangu, ulimi nao utatoka."

Jioni aliwaandikia watu wa gazeti. *Mimi ndiye wa kwenye boksi. Ni chai nzuri, lakini haijaniondolea sumu yoyote. Mwenye dawa ameze dawa yake.* Akatia sahihi jina lake kamili, si lile la kiwandani. Akaukata uso wake wa kwenye boksi kwa mkasi, akauweka ndani ya barua.

Kisha akalamba gundi ya bahasha. Ilikuwa chungu, na ndoo ya kutemea haikuwepo. Akameza. Akaibana bahasha kwa kiganja, akatoka nayo hadi posta, akaitumbukiza.