Shemeji Ndani ya Samadi

Asubuhi ya Derby, mbio kuu za farasi za Louisville, Marekani, nilimfukia shemeji yangu Tandy kwenye lundo la samadi nyuma ya mabanda ya farasi, mpaka shingoni. Ndivyo wapanda farasi wa Louisville walivyopunguza uzito. Samadi huchemka yenyewe, na aliyemo huvuja jasho kama mfuniko wa sufuria. Tandy alikuwa amezidi uzito ulioruhusiwa kwa ratili mbili. Tajiri mwenye farasi alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba mizani ikimkubali, Tandy ndiye atakayempanda Juniper, farasi jike aliyemlea tangu akinyonya.

"Umebaki kichwa tu," nilimwambia. "Kama kabichi."

"Kabichi hili ndilo linalomlisha dada yako. Ongeza upande wa bega."

Mkufunzi wa farasi, Bwana Crandall, akaja na kikombe cha maji. Akachuchumaa, akaongea polepole, kwa upole hasa. Wapanda farasi weupe wamekubaliana, alisema: Tandy akipanda, watambana kwenye uzio mpaka Juniper avunjike mguu. Akakumbusha kwamba wengi walioshinda Derby za mwanzo walikuwa watu wetu weusi, na yeye aliwapigia makofi. Siku hizo zilikuwa zinakwisha. Kumfukuza Tandy hakuweza, kwa kuwa ahadi ya tajiri ilimfunga yeye pia. Lakini kama mizani ingekataa, hapangekuwa na wa kulaumiwa.

"Kunywa, Tandy. Joto litakuua humo."

Akamwekea kikombe mdomoni. Mikono ya Tandy ilikuwa chini ya samadi. Angejifukua, jasho lingekauka na uzito ungebaki palepale. Mimi nilishika koleo langu tu, maana mshahara wangu ulitoka kwa Bwana Crandall. Tandy akanitazama, akafungua mdomo. Mashavu yakajaa maji. Mkufunzi akampangusa kidevu kwa leso yake mwenyewe, akaondoka.

Alipopotea kwenye kona ya mabanda, Tandy akatema yote.

"Hujameza hata kidogo?" nikamuuliza.

"Nimesukutua tu, shemeji. Maji nayo hupimwa. Usinifukue bado."

Mchana mizani ikamkubali. Bwana Crandall akaisoma mara ya pili, kisha akampa tandiko kwa mkono wake, akamwambia achunge miguu ya Juniper.

Kwenye mstari wa kuanzia, wenzake walikuwa wamemwachia nafasi moja, kando ya uzio. Mmoja akavua kofia.

"Pita, mzee. Tumekutunzia."

Tandy akashukuru. Kisha akamgeuza Juniper, akapita nyuma ya wote na kusimama mwisho kabisa upande wa nje, ambako njia ni ndefu kuliko zote na hakuna pa kumbania mtu. Bendera ikashuka.

Tandy na Juniper walimaliza wa tatu. Juniper alirudi bandani akitembea vizuri, na Tandy akamnywesha kwanza kabla ya kugusa maji yake.

Mwaka uliofuata tajiri hakumwahidi mtu kitu, Tandy hakupewa farasi, na asubuhi ya Derby hakuna aliyeniita nije na koleo.